Niliyemngojea Siye Aliyekuja

Katika nchi ya Mtito Andei mkulima hulima mara mbili. Mchana hulima kwa jembe, na usiku hulima kwa macho. Mtu aweza kupanda ndengu na mbaazi kwa bidii, akapalilia vizuri, mvua nayo ikanyesha ya kutosha, na bado asivune hata kibaba kimoja kwa sababu alilala usiku mmoja tu. Mimi nimekesha shambani kwangu misimu mingi, hata nikadhani nimekwisha jua kila kitu kiwezacho kumjia mlinzi gizani. Usiku mmoja wa mwezi wa Januari, mwaka 2024, ulinionyesha kwamba nilikuwa bado sijui, na hiyo ndiyo habari nitakayo kuwaeleza wasomaji.

Kwa wale wasiopajua kwetu, Mtito Andei ni mji mdogo katikati ya njia ya Nairobi na Mombasa, ambapo magari husimama na abiria hushuka kunywa chai. Jina lenyewe ni la Kikamba, na maana yake ni msitu wa tumbusi, wale ndege walao mizoga. Abiria huona maduka, malori na lango la mbuga, kisha huenda zake. Sisi tunaobaki tuna majirani wakubwa zaidi ya hao. Tangu mwaka 1948 ilipowekwa Mbuga ya Taifa ya Tsavo, mpaka wa wanyama umekuwa karibu na mpaka wetu. Sehemu zake mbili, ya Mashariki na ya Magharibi, zikiunganishwa hupita kilomita za mraba 20,000. Hesabu ya wanyama iliyofanywa mwaka 2021 ilipata ndovu 36,280 katika Kenya nzima, na karibu 15,000 miongoni mwao walikuwa katika nchi ya Tsavo. Basi mtu akisema kwamba ndovu ni jirani yake, kwetu hatanii.

Ulinzi wetu hufanywa juu ya dungu. Dungu ni kitanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo nne, mlinzi akae juu aone mbali. Pale juu huwa na tochi, debe la kupiga, na chini yake huwasha moto wa kinyesi cha ndovu kilichochanganywa na pilipili, kwa kuwa ndovu huchukia moshi wake. Kazi si ya nguvu bali ya subira. Usiku husikia malori barabarani, na mara kwa mara treni ya mizigo katika reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017. Fisi hulia, mbwa hujibu, kisha hunyamaza wote, na kimya hicho ndicho kimtishacho mlinzi.

Dungu la namna hii lina historia katika nchi hii. Mwaka 1898, reli ya kwanza ilipokuwa ikijengwa, simba wawili waliwala watu katika kambi za Tsavo, ambapo daraja la mto lilikuwa likijengwa, hata wajenzi wengi wakakimbia na kazi ikasimama. Mhandisi wa daraja, J. H. Patterson, alijengewa kitu kama dungu letu, nguzo nne na ubao wa kukalia, akaketi peke yake usiku karibu na mzoga wa punda. Simba alikuja, lakini hakumjali punda. Alianza kumzunguka Patterson mwenyewe polepole gizani. Naye akiwa amekaza macho chini kumtafuta simba, ghafla kitu kikampiga kisogoni, nusura aanguke kwa hofu. Hakuwa simba. Alikuwa bundi, ambaye bila shaka alimdhania kuwa tawi la mti. Baadaye usiku ule alimpiga simba risasi, tarehe 9 Desemba 1898, na wa pili alikufa kabla ya mwezi ule kwisha. Ngozi za simba hao ziliuzwa mwaka 1924 kwa jumba la makumbusho la Chicago, Marekani, na huko wamesimamishwa hata leo watu wakawatazame. Patterson aliandika kwamba Wahindi 28 waliliwa. Waafrika walioliwa, alisema, hesabu yao haikuwekwa.

Nilipoisoma habari ya yule bundi mara ya kwanza nilicheka. Sasa sicheki tena, kwa maana bundi wangu nami alikuja.

Kwanza sina budi kueleza habari ya silanga yangu. Wasomaji watakumbuka kwamba tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mwisho wa mwaka 2022 mvua zilitukosa misimu mitano mfululizo. Binadamu waliona njaa na wanyama vilevile; Serikali ilitangaza kwamba ndovu 205 walikufa nchini kati ya Februari na Oktoba mwaka 2022. Katika dhiki ile mimi na mama wa watoto wangu tuliazimu kuchimba silanga, yaani bwawa dogo la kuwekea maji ya mvua. Tulichimba kwa jembe na sururu muda wa miezi mitano, urefu hatua 20, upana hatua 12, na kina kupita kimo cha mtu. Kwa kuwa udongo wetu ni wa mchanga na hunywa maji, tuliuza mbuzi wanne tukanunua karatasi nene ya plastiki ya kutandika ndani. Kingo tulizichonga zikasimama wima kama ukuta, ili bwawa lichukue maji mengi, na watu waliopita njiani walitusifu. Mvua kubwa ya El Nino ilipokuja mwisho wa mwaka 2023, silanga ilijaa. Januari ilipofika maji yalikuwa yamepungua, lakini yalibaki ya kunywesha mboga na mbuzi mpaka mvua za Machi.

Usiku huo mwezi ulikuwa haujaandama, na giza lilikuwa zito. Ndengu zilikuwa zimekauka tayari kwa kuvunwa, na mbaazi zilikuwa zimeanza kufunga maganda. Siku mbili nyuma tulikuwa tumeona nyayo za dume mkubwa kando ya kijito, kwa hiyo nilimngojea yeye. Nilikuwa nimemweka moyoni mwangu kabisa: nilijua atakuja upande gani, atakanyaga wapi, na mimi nitapiga debe saa gani. Zamu ya kwanza ilikuwa ya mzee jirani yangu, na ya pili, kuanzia saa sita za usiku, ilikuwa yangu.

Kama saa nane hivi nilisikia sauti ya maji nyuma yangu, upande wa nyumbani. Chubwi! Kisha kimya. Kisha nikasikia kilio. Ndugu zangu, sikuwa nimepata kusikia ndovu mchanga akilia, wala kilio hicho hakikufanana na cha mnyama. Kilikuwa kama cha mtoto aliyeshikwa na jinamizi. Mara hiyo nilimfikiria mjukuu wangu wa miaka mitatu, aliyekuwa amelala nyumbani, na zile kingo za silanga nilizozichonga kwa mikono yangu zikasimama wima. Desturi ya ulinzi ni kwamba mtu hashuki katika dungu gizani. Nilishuka. Nilikimbia bila viatu, na tochi mkononi ikiwa imezimwa, kwa maana nilisahau kuiwasha.

Nilikuwa nimebakiza hatua chache kufika ukingoni nilipoona kwamba giza lililo mbele yangu lilikuwa zito kuliko giza jingine. Kisha likapumua. Pumzi ile ilinifika kifuani, yenye joto na harufu ya majani yaliyotafunwa. Nilisimama kama gogo. Alikuwa ndovu jike, mama, naye alikuwa amenipa ubavu, mkonga wake umeshuka ndani ya silanga akipapasa. Nina hakika alijua kwamba nipo. Aligeuza kichwa, masikio yakapanuka, akanitazama muda ambao mimi niliuona kama usiku mzima. Kisha mtoto akalia tena chini majini, naye akaniacha akarudia kupapasa. Kwa mama yule wakati ule sikuwa na maana yoyote. Husemwa kwamba ndovu hashindwi na mkonga wake; usiku ule nilimwona akishindwa. Mkonga ulimfikia mtoto, ukamshika, ukamvuta, na kila mara miguu yake iliteleza katika plastiki akarudi majini.

Nilirudi kinyumenyume mpaka nikafika katika dungu. Nilikuwa nimekwisha jua kwamba si mjukuu wangu, nikamshukuru Mungu. Walakini kilio hakikukoma hata kulipokucha, na tangu saa ile sikuweza kujiambia kwamba hakinihusu.

Kulipopambazuka tuliona jamii nzima, majike na vijana saba, wamesimama katika mbaazi zangu. Walikuwa wamekanyaga sehemu kubwa ya ndengu, na baadhi yao walikuwa wakila bila haraka. Mtoto alikuwa ndani ya maji yaliyomfika kifuani, amechoka, kichwa akikiegemeza ukingoni. Kwa kimo chake sikumdhania kuwa amepita miezi mitatu. Ndovu huchukua mimba miezi 22, na mtoto wake hawezi kuishi bila maziwa katika miaka yake ya kwanza. Kumpoteza mmoja ni kupoteza kazi ya miaka.

Watu walikusanyika mbali kidogo. Nilipiga simu kwa askari wa wanyama mjini, wakasema wanakuja, na kwamba tusisogee. Vijana watatu walikuwa wamekuja na pinde na mishale. Mmoja alisema, "Mzee, leo Mungu amekuletea nyama mpaka mlangoni." Mwingine akasema, "Na tumwache afe hukohuko. Wao wakila chakula cha watoto wetu, nani huja kututoa shimoni?" Sikuwa na jibu, kwa sababu aliyoyasema yalikuwa kweli. Tena alisimama pale yule mzee jirani yangu, ambaye mwanawe alivunjwa mguu na ndovu mwaka 2019 na hata leo hutembelea mkongojo. Sheria ya wanyama ya mwaka 2013 inataja fidia kwa mtu aliyeumizwa, lakini fidia haimrudishii mtu mguu. Wote tulimtazama yeye kwanza, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na haki ya kusema.

Akasema, "Mimi simsaidii ndovu. Lakini sitaki kusikia upinde ukilia juu ya kitoto kilichomo shimoni." Akaenda akaketi chini ya mbuyu, akatupa kisogo. Vijana wakashusha pinde zao.

Askari wanne walifika kwa gari. Waliliingiza gari polepole baina ya silanga na ndovu, wakapiga risasi hewani, na ile jamii ikarudi nyuma mpaka kwenye vichaka, ila mama, ambaye alisimama mwendo wa kurusha jiwe akitikisa kichwa na kupiga chini kwa mguu. Mkubwa wa askari aliitazama silanga kisha akanitazama mimi. Akasema, "Baba, kumvuta kwa kamba tutamvunja, na mama yake hatatupa nafasi. Njia ni moja: ukingo ukatwe uwe mteremko apande mwenyewe. Lakini karatasi yako itakwisha. Shamba ni lako, sema wewe."

Nawaambieni kweli, sikusema upesi. Nilihesabu mbuzi wanne. Nilihesabu miezi mitano ya jembe. Nilihesabu siku zilizobaki mpaka mvua za Machi, na umbali wa mahali tutakapochota maji. Nilikuwa bado nahesabu wakati mama wa watoto wangu alipotoka nyumbani na jembe lake begani. Aliposikia neno la askari aliniambia, "Baba watoto, usiku ulikimbia bila viatu ulipodhani ni wetu. Shimo ni lilelile." Akaanza kukata ukingo upande ulio mbali na yule mama.

Tulichimba watu sita kwa muda wa saa moja hivi, udongo tukiutupa ndani ili ujenge njia. Karatasi tuliichana kwa panga. Mtoto alijaribu akaanguka, akajaribu tena akaanguka, na mara ya tatu magoti yake yalishika udongo mkavu akapanda, amejaa matope mpaka machoni. Askari alituamuru turudi nyuma ya gari. Mama alimjia mbio, akampapasa mwili wote kwa mkonga, kichwa, mgongo, miguu, kama mzazi amkaguavye mtoto aliyeanguka kutoka mtini. Kisha wakaingia vichakani wakaondoka. Hawakugeuka kututazama.

Ningependa kuwaambia kwamba tangu siku ile ndovu wamenistahi. Hapana. Siku 11 baadaye walikuja ndovu usiku wakala mbaazi zilizokuwa zimebaki, nami nilipiga debe mpaka mkono ukafa ganzi. Kama walikuwa walewale ama wengine sijui, wala haidhuru. Maji ya silanga yalinywewa na mchanga kabla ya wiki kwisha, na mpaka mvua zilipokuja tulichota maji mbali kwa punda. Wako watu walioniita mjinga, nami sikugombana nao. Walikuwa wakihesabu hesabu ileile niliyoihesabu mimi mwenyewe.

Ila nimepata faida mbili, nami nataka wakulima wenzangu wazichukue bila kulipa bei niliyolipa mimi.

Ya kwanza ni habari ya ulinzi. Sasa nimetundika mizinga sita ya nyuki upande ule ndovu wapitiapo. Maarifa haya yamejaribiwa katika mashamba ya Sagalla, karibu na Voi, na Dkt. Lucy King pamoja na wakulima wa huko: mizinga huning'inizwa kwa waya kila baada ya mita 10 hivi, na ndovu akisukuma waya mizinga hutikisika nyuki wakatoka. Mnyama mkubwa namna ile humwogopa mdudu mdogo kama punje. Sisi Wakamba tumefuga nyuki tangu zamani. Ilikuwa kazi ndogo kuwapa zamu. Haizuii kila ndovu, lakini hupunguza usiku wa kukesha, na asali huwa juu yake.

Ya pili ndiyo kubwa. Ndugu mkulima, kama una silanga nyumbani, nenda leo ukaitazame. Ikiwa kingo zake zote zimesimama wima, chukua jembe ukate upande mmoja uwe mteremko, na upande wa plastiki uweke ngazi ya miti au kamba yenye mafundo, tena zungushia ua wa miiba. Nilikesha miaka mingi nikitazama mpakani adui atokee huko, na kumbe hatari niliichimba mwenyewe hatua 100 kutoka kitanda cha mjukuu wangu, nikasifiwa na wapita njia. Mtoto wa ndovu ndiye aliyeanguka kwanza. Angeweza kuwa mwingine, naye asingekuwa na mama mwenye mkonga wala sauti ya kuniamsha.

Silanga yangu tumeichimba upya, nayo sasa ina mteremko mmoja mpana. Huchukua maji kidogo kuliko ya zamani. Mwezi ulioufuata ule wa Januari, yule mzee jirani yangu alikuja asubuhi akanikuta nikinoa jembe. Alisimama mlangoni kitambo bila kusema neno, kisha akaniomba nikamsaidie kukata ukingo wa silanga yake. Nilipomtazama aliongeza upesi, "Ni kwa ajili ya mbuzi."

Nilichukua jembe langu tukaenda.